Niko Kadi, kwa Lugha Gani?

Kama umekulia Kenya, hakuna aliyekuketisha chini akufundishe kadi. Ulijikuta tu unajua. Karata nne mkononi, moja mezani, fuata aina au fuata namba. Mbili inaokotesha mbili, tatu inaokotesha tatu. J inaruka, K inarudisha, Q na 8 ni swali, A inabadilisha. (Najua kwenu mnacheza tofauti. Tutapigana baadaye.) Na kabla hujamaliza, zamu moja mbele, unatangaza kwa sauti: niko kadi. Usipotangaza, hata ukiangusha ya mwisho kwa mbwembwe zote, hujashinda.

Hilo tangazo ni kati ya machache ambayo mchezo huu unakulazimisha kusema. Mengine yote ni stori.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani, kaunti ya Bomet, na kulikuwa na shindano la kadi. Sitalitaja jina, walioliandaa ni watu wa kwetu na bado tunasalimiana. Mvua ilianza saa tisa kama kawaida ya milima hii, ukumbi ukajaa. Zawadi ilikuwa mbuzi, amefungwa hapo nje chini ya mabati, anatuangalia. Ukutani walikuwa wamebandika kanuni, na ya tatu ilisema: mezani ni Kiswahili au Kiingereza pekee, ukiongea lugha ya mama, unaokota mbili.

Fainali ikabaki na watu wanne. Mama mmoja wa rika la nyanya yangu, ambaye amechuma chai maisha yake yote. Fundi wa pikipiki kutoka upande wa Borabu, Mkisii. Na vijana wawili waliokuja Krismasi kutoka Nairobi, jezi safi, viatu vyeupe kwenye tope la Bomet.

Mama akaweka karata, akabaki na moja, akasema, "Ami kadi."

Huhitaji kujua Kikipsigis. Neno la pili ni lilelile. Kijana aliyekuwa ng'ambo yake alielewa vizuri sana, kwa sababu zamu yake ilipofika alitupa A haraka na kubadilisha mchezo kutoka maua hadi spedi, ili amzibe. Fundi akafuata na spedi. Zamu ya mama: saba ya spedi. Mchezo umeisha.

Hapo ndipo kijana akainua mkono. "Refa, huyu hakusema niko kadi."

Fikiria hilo kidogo. Ametumia A yake kujikinga na tangazo ambalo sasa anadai hakulisikia. Fundi wa pikipiki, ambaye Kikipsigis si chake, akasema, "Hata mimi nimeskia kadi." Refa akaangalia karatasi ya ukutani. Ushindi ukafutwa, mama akaokota mbili, mchezo ukaendelea. Mbuzi akaenda Nairobi, au tuseme aliliwa kabla hajafika huko.

Walioandika ile kanuni wana hoja yao, na si ya kijinga. Kadi ya watu wanne, wawili wakielewana, wengine wawili wameisha. Nikikuambia kimyakimya nimeshika maua, unajua cha kubadilisha A yako ikifika. Na hapa kwetu watu wawili wakinong'onezana kwa lugha ambayo wa tatu haielewi, hilo si jambo dogo. Kati ya Desemba 2007 na Januari 2008 wafanyakazi wa jamii nyingine walivamiwa ndani ya mashamba ya chai ya Kericho, kwenye nyumba walizoishi miaka na miaka. Mkisii akiketi meza moja na Wakipsigis watatu na kusikia kicheko asichokielewa, ana haki ya kuuliza kinachochekesha.

Lakini kanuni ilivyoandikwa haikumlinda fundi. Ilimlinda kijana wa Nairobi. Maana wale vijana wawili waliongea Sheng mchezo mzima. Mmoja alimwambia mwenzake, "Buda, zima hiyo stori ya maua, huyo mathe ako rada." Wewe msomaji umeelewa bila kupumua. Mama hakuelewa. Hiyo ilikuwa habari ya karata, imetoka mdomo mmoja kwenda sikio moja, mchana kweupe, mbele ya refa. Refa alicheka. Na mimi nilicheka, ndo maana naandika haya nikiwa na aibu kidogo.

Sisi watu wa mjini tunapenda kujiambia kwamba Sheng ni ya kila mtu, haina kabila. Sawa. Lakini mezani, mbele ya mtu ambaye haijui, Sheng ni fumbo kama fumbo lingine lolote, na inabadilika haraka kuliko lugha zote kwa sababu nusu ya raha yake ni kuwaacha wengine nje. Kama lugha fiche ndiyo kosa, sisi ndio tulipaswa kuokota kwanza.

Kwani hii kanuni ilitoka wapi? Watu huniambia imetoka kwenye poka ya kimataifa. Ni kweli, kwenye World Series of Poker kule Las Vegas kuna sheria ya Kiingereza pekee karata zikiwa zinachezwa. Ila sidhani kama kamati yetu iliisoma. Nadhani waliikumbuka. Mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi huku anaijua ile diski: kibao au kifupa kinachovishwa anayekamatwa akiongea kikwetu, anakaa nacho hadi amnase mwingine, jioni wote wanachapwa. Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika mwaka 1986 katika Decolonising the Mind, na aliyoyasimulia yalikuwa ya miaka ya 1950. Okota mbili ni diski ya karatasi. Imefunza watoto kushtakiana, na sasa tunaiweka mbele ya mwanamke mzima, kwenye mchezo, likizoni.

Wacheza bridge wameumizwa kichwa na shida hii kuliko sisi. Huko mnacheza wawili kwa wawili, na wewe na mwenzako hamruhusiwi kupeana habari ila kwa matangazo rasmi. Mwaka 1965, Buenos Aires, Waingereza wawili, Reese na Schapiro, walishtakiwa kwamba wanaonyeshana idadi ya kopa kwa vidole walivyoshikia karata. Mwaka 1975, kule Bermuda, waandalizi wakaweka vizuizi juu ya meza ili wenza wasionane, halafu Mwitaliano mmoja, Facchini, akaonekana akimgusa mwenzake Zucchelli kwa mguu chini ya meza. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kufungua mdomo. Mtu akitaka kuiba habari, ataiba kwa kikohozi, kwa kukuna sikio, kwa kuchelewa kuweka karata. Ukimnyima lugha ya mama hujamnyima chochote.

Ila bridge wana jambo moja ambalo ningeliiba leo. Wapinzani wana haki ya kuambiwa maana ya kila tangazo lenu. Hamuwezi kuwa na makubaliano ya siri, wakiuliza, mnaeleza. Kwa hiyo swali la refa linageuka. Haulizi tangazo limesemwa kwa lugha gani. Anauliza kama kila aliye mezani analielewa.

Lete hilo Bomet. Karata zikiwa mkononi, hakuna kuongea habari za karata, si kwa Kikipsigis, si kwa Ekegusii, si kwa Kiingereza, si kwa Sheng. Anayesikia neno asiloelewa anauliza, "Umesema nini?" na anajibiwa kwa Kiswahili, hapohapo, mbele ya wote; akigoma kujibu au akidanganya, aokote hata tano. Viti vipigiwe kura, waliokuja pamoja wasikae jirani. Na tangazo la kadi lihesabiwe kama wote wamelielewa. Kama umetupa A yako kulijibu, umelielewa, nyamaza.

Kuna rafiki aliyeniambia nitaje Katiba, Ibara ya 44, haki ya kutumia lugha unayoipenda. Ipo, na nafurahi ipo. Lakini sijasema refa apelekwe Milimani. Ni mchezo. Na kwa sababu ni mchezo, sioni tulikuwa na haraka gani ya kumfanya mama wa watu aombe ruhusa ya kusema alichokisema kila mvua ilipokatisha kazi, kwa miaka arobaini, na wenzake wa kila kabila wakamuelewa.

Kamati inakutana tena mwezi wa nne. Nimewatumia barua, kurasa mbili, bila matusi. Na nimewaandikia pia kuhusu yule mbuzi, maana kwa hesabu yangu bado ni wake.