Mgeni Njoo, Wenyeji Wapone



Mwezi wa tatu hauko mbali, na katika vikundi vingi kamati zimeanza kupanga mkutano wa tarehe 8. Kila mwaka swali ni lile lile: nani atakuwa msemaji mkuu? Wengi wanataka jina kubwa: profesa, kiongozi anayejulikana, mtu aliyepewa tuzo. Sisi hatupingi. Lakini pesa zitatoka katika sanduku la chama, pale mama anapoweka kila juma franka alizopata kwa sombe na makala. Kwa hiyo tuongee vizuri kabla ya kuandika barua ya mwaliko.

Tujue kwanza kwamba kualika wasemaji ni biashara pia. Huko Marekani kuna biro ambazo kazi yao ni hiyo tu; mojawapo ya zile za zamani ilifunguliwa na James Redpath mjini Boston mwaka 1868. Biro hupanga bei na kukata sehemu yake, kisha mwenye mkutano analipa tena ndege na hoteli. Jina likiwa kubwa, saa moja ya hotuba inaweza kufika maelfu ya dola. Hiyo si dhambi, kila kazi ina malipo yake. Lakini chama kinachoishi kwa likelemba hakiwezi kushindana na makampuni. Ni lazima kichague kwa akili.

Tukitazama vizuri watu wenye tuzo, tunakuta wamama nyuma yao. Wangari Maathai wa Kenya alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Kazi yake ya miti ilianza mwaka 1977 kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake la Kenya: wamama wa vijijini walipanda miche, wakapewa pesa kidogo kwa kila mche ulioshika. Leymah Gbowee wa Liberia aliipata mwaka 2011. Mwaka 2003 yeye na wanawake wenzake, Wakristo na Waislamu, walivaa nguo nyeupe na kuketi karibu na soko la samaki mjini Monrovia, juani na mvuani, wakidai vita viishe. Hapa kwetu, daktari Denis Mukwege aliipata mwaka 2018 kwa ajili ya wanawake aliowatibu Panzi, Bukavu. Na Mama Julienne Lusenge, aliyefanya kazi ya redio huko Bunia, alianzisha SOFEPADI pamoja na wenzake mwaka 2000. Mwaka 2023 akapata tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa.

Hao wote walipewa tuzo kwa sababu ya kazi, na kazi hiyo waliifanya pamoja na wanawake kama sisi. Basi tusiulize kwanza, “Ana tuzo ngapi?” Tuulize, “Amefanya nini ambacho sisi pia tunataka kujua kufanya?” Kama shida yetu ni udongo wa mlima unaobebwa na mvua, tumtafute fundi wa kilimo aliyekwisha kuokoa mashamba. Kama ni wajane wanaofukuzwa nyumbani, tumtafute mwanasheria anayeweza kueleza kwa Kiswahili haki za mjane, na mambo yaliyobadilika katika Kanuni ya Familia mwaka 2016. Pengine mtu huyo anakaa katika mji wetu, na nauli yake ni ya pikipiki tu.

Mkishachagua, andikeni barua miezi mitatu mbele. Semeni mnataka aongee juu ya nini, mbele ya watu wangapi, na kwa lugha gani. Ombeni bei yote kwa maandishi: malipo yake, safari, malazi na chakula. Msione haya kusema uwezo wa chama ni kiasi gani, na kuuliza kama anaweza kuja kwa hicho. Mtu akifika akisema, “Mimi namjua sekretere wa profesa, leteni dola za dosie,” msimpe hata franka moja. Tafuteni biro ya mgeni mwenyewe, na kila malipo yapate risiti mbele ya mashahidi wawili.

Siku yenyewe, tulinde saa. Tumeona mikutano mingi ambako viongozi wanasalimiana mpaka saa sita, na msemaji anabaki na dakika kumi wakati watoto wanalia njaa. Hotuba iwe dakika 30, maswali dakika 45. Kama mgeni anaongea Kifaransa, mfasiri aandaliwe mapema, aonyeshwe hotuba siku moja mbele. Mama ambaye hakuelewa atapiga makofi kama wengine, lakini atarudi nyumbani na mikono mitupu.

Na hili tunalisema kwa nguvu: pembeni ya mgeni aketi mama mmoja wa chama, aliyeifanya kazi inayozungumzwa. Naye apewe mikro, si kwa kutoa shukrani tu, bali kueleza alivyofanya. Kama mgeni anarudishiwa nauli, mama aliyetoka kijijini naye arudishiwe. Binti zetu wanaangalia. Wakiona kila mwaka kwamba mwenye elimu ni yule tu anayeshuka kwenye gari, watadhani mama yao hana la kufundisha.

Kabla watu hawajatawanyika, kubalianeni jambo moja la kufanya, na jina la mtu atakayelifuata. Mkutano wa mwezi wa nne uanze kwa kuliulizia. Wazee walisema mgeni aje ili mwenyeji apone. Tukiona mwezi wa nne kwamba hakuna kilichobadilika katika mashamba wala katika nyumba za wajane, tutajua tulilipia makofi.

Juma hili, someni maneno haya katika kikundi na kuyajadili. Kisha mtunza sanduku afungue daftari mbele ya wote, muone mna kiasi gani, ndipo mtaje majina.