Asishuke Mtu Shimoni Bila Kipima Gesi

Fundi akianguka ndani ya kituo cha kusukuma majitaka, mwenzake hukimbilia kumtoa, na mara nyingi naye hubaki humo humo. Muuaji ni salfidi ya hidrojeni, gesi inayonuka kama yai viza. Wengi hudhani harufu hiyo ni onyo tosha. Si kweli. Ikifika sehemu 100 hivi kwa kila milioni ya hewa, pua hufa ganzi. Ikikaribia 1,000, pumzi chache zinatosha kuua. Tena ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini, hapo hapo pampu zilipo.

Gesi hii hutokana na bakteria pale majitaka yanapokaa muda mrefu bila oksijeni, na joto la Dar es Salaam au Mombasa huwaongezea kasi. Basi dawa ya kwanza ni kutoyalaza majitaka: pampu ziwashwe mara kwa mara, tope na mafuta yazolewe, hewa au kalsiamu naitreti iingizwe bombani. Mamlaka zinazolalamikia gharama zikumbuke kuwa gesi hiyo hiyo hugeuka asidi ya salfa na kula zege na vyuma vyao.

Hayo ni ya wahandisi. La leo ni jepesi zaidi: asishuke mtu kabla ya kipima gesi kushushwa, feni kuwashwa na mkanda wenye kamba kuvaliwa, mwenzake akiwa juu. Barakoa ya kitambaa, tunayoiona kila siku, haizuii gesi. Mkandarasi asiye na vifaa hivyo asipewe zabuni.