Usiache mbachao: Watoto wetu waanze na geji za mshale

Ukiishi hapa Louisville, jimboni Kentucky, ndege si jambo la kuhadithiwa. Usiku, watu wengi wakiwa wamelala, ndege za UPS huingia moja baada ya nyingine kuleta mizigo kwenye kituo kikubwa cha kampuni hiyo kiitwacho Worldport. Ndugu zetu, Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania na Wasomali, wako huko wakipanga vifurushi mpaka karibu na alfajiri. Watoto wao wanakua wakizisikia ngurumo hizo juu ya paa. Ukiwauliza wakikua wanataka kuwa nani, wapo wanaokujibu bila kusita: rubani.

Leo tumeamua kuzungumzia jambo ambalo wengi wataliona dogo. Mzazi akishamnunulia mtoto simuleta ya ndege ya kutumia nyumbani, mtoto huyo aanze na dashibodi gani? Ile ya zamani yenye geji za mviringo na mishale yake, au hii ya kisasa ambayo kila kitu kimo ndani ya skrini? Msimamo wetu ni huu: mishale kwanza, skrini baadaye. Tunajua watakuwepo watakaotuita washamba tuliokataa maendeleo. Tunawaomba watusikilize mpaka mwisho ndipo watuhukumu.

Tuanze na kwa nini suala hili kwetu si mchezo wa watoto. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air namba 3407, aina ya Dash 8 Q400, ilianguka juu ya nyumba huko Clarence Center, karibu na Buffalo, jimbo la New York. Walikufa watu wote 49 waliokuwa ndani na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Baada ya msiba ule Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2010, na tangu mwaka 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege la abiria anatakiwa kwa kawaida awe na saa 1,500 angani kabla ya kuajiriwa. Waliopitia jeshini au vyuo vikuu vya urubani wana nafuu kidogo. Mtoto wa mpanga mizigo hana nafuu hiyo. Saa moja ya ndege ndogo pamoja na mwalimu, kwa mfano hapa kwetu kwenye uwanja wa Bowman Field, inaweza kumeza ujira wa siku mbili tatu za mzazi wake.

Ndiyo maana simuleta ya nyumbani imekuwa mlango wa maskini. Saa zake hazihesabiwi kwenye leseni, isipokuwa kifaa chenyewe kiwe kimeidhinishwa na mamlaka ya anga, FAA. Lakini jicho na mkono vinajifunza hata kama saa hazihesabiwi. Na hapo ndipo penye hoja yetu: jicho likishajifunza vibaya sebuleni, mwalimu atalipwa kwa saa kulifundisha upya.

Kwa wasiojua, tueleze kwa ufupi. Dashibodi ya zamani ya ndege ndogo ina geji kuu sita: ya mwendo, ya upeo bandia inayoonyesha kama ndege imelala au imenyooka, ya kimo, ya kona, ya uelekeo, na ya kupanda na kushuka. Kila geji inasema neno moja tu. Dashibodi ya skrini imeyakusanya maneno yote hayo kwenye kioo kimoja, mwendo na kimo vikiwa namba zinazotembea juu na chini kwenye tepe mbili, na pembeni kuna kioo cha pili chenye ramani. Cessna 172, ndege iliyofundishia marubani wengi kuliko hesabu, ilianza kuuzwa na skrini za Garmin G1000 katikati ya miaka ya 2000.

Mosi, mshale unasomwa kwa kutupia jicho. Tuchukue saa ya ukutani. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7 asubuhi, Mswahili anasoma saa moja, kwa sababu anatazama upande wa pili wa duara. Hasomi namba, anasoma mahali mshale ulipo, na papo hapo anajua kimebaki kipande gani mpaka saa mbili. Mtoto aliyelelewa na saa ya namba tupu anaona 7:00, anamwambia bibi yake kwamba basi la shule linakuja saa saba, na bibi anashangaa ni shule gani hiyo ya adhuhuri! Kwenye ndege ni vivyo hivyo. Mshale wa mwendo ukianza kuteremka kuelekea chini ya upinde wa kijani, jicho linauona ukitembea kabla akili haijasoma namba yoyote. Namba inakwambia uko wapi. Mshale unakwambia pia unakwenda wapi na kwa kasi gani.

Watetezi wa skrini watasema tepe nazo zina alama za kuonyesha mwelekeo. Ni kweli, zinazo. Ila alama hizo zimo katikati ya namba, rangi, herufi na ramani, na anayeanza hajui atazame nini kwanza.

Pili, geji sita zinamlazimisha mtoto kufikiri. Hakuna geji hata moja inayotoa jibu zima. Ukitaka kujua kama ndege inapanda, unatazama upeo bandia, unauliza kimo, unathibitisha kwa geji ya kupanda na kushuka, halafu unaangalia mwendo usije ukaisha. Ni kama shauri la baraza: humsikilizi shahidi mmoja. Kwenye Cessna nyingi za zamani upeo bandia na geji ya uelekeo huendeshwa na pampu moja ya hewa. Pampu ikifa, upeo bandia hauzimiki. Unalala upande polepole na kusema uongo. Anayejua kuuliza mashahidi wengine ataugundua uongo huo. Simuleta nzuri inakuruhusu kuiua pampu hiyo kwa makusudi, bila hatari kwa roho ya mtu. Hilo ni somo ambalo hata pesa nyingi haziwezi kulinunua kwa usalama kama huo angani.

Tulipata kukaa na kijana mmoja wa miaka 14, mwerevu kweli, anayejua kurasa zote za skrini kuliko sisi. Alituruka kutoka Louisville mpaka Columbus, Ohio, bila tatizo, otopailoti ikiendesha na yeye akibonyeza vitufe. Tukamwomba azime otopailoti, ashike kimo cha futi 3,000 kwa mkono kwa dakika tano. Dakika ya pili alikuwa futi 3,600, ya tatu 2,500. Hatukumcheka. Alikuwa amefundishwa kutumia mashine, hakuwa amefundishwa kurusha ndege. Tulimbadilishia tukampa Cessna ya mishale, na baada ya wiki chache alikuwa anashika kimo huku akituhadithia habari za mpira.

Tatu, ushahidi. Mwezi Machi 2010 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa utafiti uliolinganisha ndege ndogo zaidi ya 8,000 zilizotengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2006, nyingine za mishale na nyingine za skrini. Wengi walitegemea kwamba skrini ingekuwa imepunguza vifo. Matokeo ni kwamba ndege za skrini hazikuonekana kuwa salama zaidi, na kiwango chake cha ajali zenye vifo kilikuwa juu zaidi. Tuwe wakweli: ndege hizo zilitumika zaidi kwa safari ndefu na katika hali ya hewa mbaya, kwa hiyo si kioo peke yake. Lakini Bodi ilisisitiza kwamba marubani wanahitaji mafunzo mahsusi, kwa sababu skrini inaficha ugumu mwingi nyuma ya sura nzuri.

Turudi Buffalo. NTSB ilisema chanzo cha ajali ile ni nahodha kufanya kinyume cha kilichotakiwa usukani ulipotikisika kumwonya kwamba ndege inakosa mwendo. Aliuvuta badala ya kushusha pua. Na kati ya mambo yaliyochangia, Bodi ilitaja kwamba wote wawili hawakufuatilia mwendo wakati alama ya hatari ilikuwa inapanda kwenye tepe ya skrini. Marubani wote wawili walikuwa na zaidi ya saa 1,500. Taarifa ilikuwepo mbele ya macho yao, saa zilikuwepo, kilichokosekana ni jicho la kuuliza. Hatusemi skrini ndiyo iliyoua. Walikuwemo pia na mazungumzo yasiyohusu kazi, na taratibu dhaifu za kampuni. Tunasema skrini haikuweza kumsaidia asiyeitazama. Na ndege ya familia hiyohiyo ndiyo inayobeba ndugu zetu kwenye safari za ndani za Air Tanzania, kwa hiyo somo hili si la Wamarekani peke yao.

(Wa Louisville wenzetu watatukumbusha msiba wetu wa tarehe 4 Novemba 2025, ndege ya UPS ilipoanguka mara tu baada ya kuruka. Ile injini ya kushoto iling'oka. Haihusiani na dashibodi, na hatutaki kuichanganya humu.)

Anayedhani mishale ni ya safari za karibu tu, aulize Columbus. Tarehe 19 Machi 1964 mama wa watoto watatu, Jerrie Mock, aliondoka mji huo peke yake na Cessna 180 yenye injini moja. Akapita Casablanca, Cairo, Karachi, Manila, akavuka Pasifiki, na tarehe 17 Aprili akarudi Columbus. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia akirusha ndege peke yake. Hakuwa na ramani inayotembea kwenye kioo. Alikuwa na geji, dira, redio, saa na penseli. Na Beryl Markham, aliyejifunzia urubani Kenya, alivuka Atlantiki kutoka Uingereza mwaka 1936 kwa vifaa duni kuliko hivyo.

Sasa tujibu hoja kubwa ya upande wa pili, maana ina uzito. Wanasema: kazi zote ziko kwenye skrini. Boeing 737-200 mbili za Air Tanzania ya zamani, Kilimanjaro na Serengeti, zilikuwa za mishale, lakini leo shirika hilo lina Airbus A220 na Boeing 787, vioo vitupu. Kwa nini umpotezee mtoto muda na vitu vya makumbusho?

Jibu letu ni kwamba hatumzuii kufika kwenye skrini, tunamwandaa. Aliyejua mishale akipewa skrini anauliza tu, "Mwendo uko wapi hapa? Kimo kiko wapi?" na baada ya siku chache amezoea. Aliyeanza na skrini akipewa mishale anaanza upya kabisa. Isitoshe, hata watengenezaji wa Cessna 172 za mwanzo zenye G1000 waliacha chini ya skrini geji tatu za mshale: mwendo, upeo bandia na kimo. Kwa nini? Kwa sababu walijua kioo kinaweza kuzima. Na ukirudi nyumbani, kwa mfano Wilson pale Nairobi, bado utakuta ndege za mafunzo zenye mishale.

Soko nalo limegundua. Microsoft Flight Simulator ilipotoka Agosti 2020, toleo la kawaida la dola 60 lilikuja na Cessna 172 ya skrini. Aliyetaka Cessna 172 ya mishale alitakiwa kununua toleo la dola 90. Cha zamani ndicho kilichokuwa ghali!

Kwa mzazi anayetaka kusaidia, ushauri wetu ni mwepesi. Usikimbilie kompyuta ya bei mbaya. Kwenye kioo kimoja kidogo, geji sita zinasomeka vizuri kuliko skrini mbili za Garmin zilizojaa vijiherufi. Mnunulie usukani wa kawaida. Kwa miezi sita ya mwanzo otopailoti na ramani vizimwe. Ashike kimo, ashike uelekeo, apige kona bila kupoteza futi 100. Kisha muulie pampu bila kumwambia, uone kama atagundua. Akigundua, huyo ameiva, mfungulie skrini.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema msala ni mbaya. Walisema usiutupe mbachao wako kabla hujajua kama msala ni wako. Skrini itazimika siku moja, kwenye ndege au kwenye maisha, na siku hiyo tungependa mtoto wetu awe anajua kusoma mshale.

Tunaomba kuwasilisha.