KAMPUNI YA LORI MOJA SI NGOME



Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na hata leo haijateremka mpaka Migori wala Homa Bay. Miwa ya viwanda vya Awendo na Ndhiwa, samaki wa ziwani, saruji ya madukani, shehena za mpakani Isebania, vyote vyapanda lori. Kwa hiyo sisi wa reli hatumwoni mwenye lori moja kuwa adui. Ni mfanyakazi kama sisi, na wako waliotoka kwetu wakanunua lori kwa kiinua mgongo.

Sasa ndugu hawa wanaambiwa: "Andikisha kampuni, chora Ltd mlangoni, na deni halitagusa nyumba yako." Ni kweli kwamba tangu Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 mtu mmoja peke yake aweza kuunda kampuni katika Kenya. Tena ni kweli kwamba mbele ya sheria kampuni ni mtu mwingine, mbali na mwenyewe. Neno hilo lilikatwa London mwaka 1897 katika kesi ya Salomon, mwenye biashara ya viatu. Kampuni yake ilipoanguka, yeye hakudaiwa. Wadai wadogo wakaenda mikono mitupu. Basi twauliza: ngao hii yamkinga nani?

Kwanza, benki. Benki haikopeshi karatasi. Itamwita mwenye kampuni atie sahihi kuudhamini mkopo kwa jina lake mwenyewe. Mkopo usipolipwa, ile ngao haimfai kitu.

Pili, barabara. Dereva akimgonga mtu kwa uzembe, yeye mwenyewe aweza kudaiwa fidia, hata kama lori ni la kampuni. Mwenye lori anayeshika usukani hawezi kujificha nyuma ya Ltd. Ngao yamfaa tajiri aliyeketi ofisini. Tena bima ya lazima hailazimishwi kulipa zaidi ya shilingi 3,000,000 kwa madai ya mtu mmoja. Na kama logbuku bado ina jina lake, hata ngao ya ofisini hana.

Tatu, utingo. Lori likichukuliwa na benki, naye anadai mishahara ya miezi mitatu, ataambiwa: "Kaidai kampuni." Kampuni gani? Haina hata spana. Hapo ndipo ngao yaonyesha kazi yake: imemkinga mwenye lori dhidi ya mnyonge aliyelala chini ya lori lake.

Iko hila nyingine. Wako matajiri wa malori mengi wanaomwambia dereva: "Acha kuajiriwa, fungua kampuni yako, tutakupa kazi kwa kandarasi." Ndugu, lori ni la yule yule, bei yapangwa na yule yule. Kilichoondoka ni likizo, malipo ya ugonjwa, na fidia ya kuumia kazini iliyowekwa na sheria ya mwaka 2007. Esau aliuza haki yake kwa bakuli la dengu. Wewe usiuze yako kwa muhuri.

Hatusemi kampuni ni haramu. Mwenye kuifungua na aifungue sawasawa: logbuku iwe kwa jina la kampuni, fedha za lori zisichanganywe na za nyumbani, utingo apewe mkataba wa maandishi na akatiwe bima. Lakini bei ya kubeba tani moja ya miwa haipandi kwa sababu ya cheti. Lori moja lenye cheti ni lori moja tu. Malori thelathini katika chama cha ushirika yana sauti mbele ya kiwanda, na ushirika ulioandikishwa nao waweza kuwa na ngao ile ile ya sheria kwa wanachama wake.

Wenye malori wa Migori na Homa Bay, unganeni kwanza, ndipo mwandikishe. Madereva na utingo, ingieni chama. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikivikwa pete ya Ltd.