Chumvi Isiyoitwa Chumvi

Agizo la "punguza chumvi" hutolewa mara nyingi kliniki, lakini ni mara chache kuchunguzwa limefika wapi. Huko Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, mgonjwa wa shinikizo la damu hulipokea kwa utii na kuondoa kikopo cha chumvi mezani. Hata hivyo, sufuria ya sato au dagaa huendelea kutiwa kiungo cha pakiti, zile chenga za njano au kahawia zinazouzwa madukani kwa bei ndogo. Kwa kuwa hazijui kwa jina la chumvi, mgonjwa haoni kwamba amekiuka agizo. Kosa si lake. Ni la agizo lenyewe, lililotaja kopo na kuisahau pakiti.

Chenga hizo ni kazi ya ufundi wa kiwandani. Mafuta yenye harufu ya kitunguu au bizari hupotea hewani upesi. Kwa hiyo huchanganywa na gundi ya mgunga au wanga maalumu, kisha hupuliziwa kwenye hewa ya moto mpaka yawe unga ulioifumbata harufu ndani yake. Unga huo hugandamana upatapo unyevu. Basi huchanganywa na chumvi, sukari, wanga na glutameti, hulowanishwa kidogo, hukaushwa na kuchekechwa, zikapatikana chenga zinazomiminika na kuyeyuka kwa urahisi. Chumvi ni rahisi kwa bei na huikuza ladha ya vitu vingine. Ndiyo sababu aghalabu hutajwa mwanzoni mwa orodha ya viambato, ambayo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Pakiti ya gramu 10 ambayo nusu yake ni chumvi imekwisha kubeba gramu hizo 5. Ikitiwa katika sufuria ya watu watano, kila mlaji hupata gramu 1 kabla mpishi hajagusa chumvi ya kawaida; na chakula cha jioni kikipikwa vivyo hivyo, kiasi huwa maradufu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta shinikizo la juu la damu kwa takriban robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Shinikizo lisiposhuka, mhudumu huongeza dawa, na gharama humwangukia mgonjwa, ilhali sababu mojawapo huenda ikawa inachemka jikoni. Kwa mkazi wa kisiwani, kiharusi au kushindwa kwa figo humaanisha kuvuka ziwa hadi Mwanza kutafuta matibabu ya kibingwa.

Haifai, hata hivyo, kutisha watu kwa uvumi. Glutameti, ambayo mwanakemia Kikunae Ikeda wa Tokyo aliitambua mwaka 1908 kuwa chanzo cha utamu wa mchuzi wa mwani, haikuthibitika kuwa sumu kwa viwango vya kawaida vya chakula. Ina sodiamu takriban asilimia 12, ilhali chumvi ya mezani ina karibu asilimia 39. Anayeilaumu glutameti na kuinyamazia chumvi amemkamata asiye mwizi.

Wapo watakaosema kwamba pakiti ndiyo anasa pekee ya maskini, nayo ni hoja ya haki. Lakini nyanya, kitunguu, tangawizi na ndimu hukoleza samaki bila kuongeza chumvi. Na ikibidi kuchagua kati ya vitu viwili, heri iondoke pakiti na ibaki chumvi kidogo yenye madini joto, ambayo walau humkinga mtu na rovu na humfaa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni.

Kwa hiyo mhudumu asitosheke na kuuliza, "Unatumia chumvi?" Aulize, "Jana ulitia nini kwenye mboga?" Kisha amwombe mgonjwa alete pakiti yenyewe na waisome pamoja. Mahali palipoandikwa sodiamu, tarakimu izidishwe mara mbili na nusu ili kupata kiasi cha chumvi: miligramu 400 za sodiamu ni gramu 1 ya chumvi. Watengenezaji nao wana wajibu wa kuandika kiasi hicho kwa gramu, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka. Mpaka watakapofanya hivyo, hesabu hiyo ya dakika moja kliniki iwe sehemu ya matibabu, sawa na kupima shinikizo lenyewe.