Pembetatu za Ukutani Zisiwagombanishe

Mpenzi msomaji, umeshahamia? Wengi mnaopangiwa kazi Kasulu na Kibondo mnaanza maisha ya wawili na kitanda, jiko la gesi na sebule tupu. Mambo mengine yakikaa sawa, linakuja suala la ukuta.

Bwana anataka picha ya kisasa yenye miraba na pembetatu za rangi, kama aliyoiona hotelini Dar. Bibie ana kikapu cha nyasi alichopewa na mama yake siku ya kuagwa, kina mfuniko, pembetatu nyeusi zimekizunguka. "Mke wangu, hicho si cha kuwekea maharage?" Bibie kimya. Hapo, ndugu yangu, ugomvi si wa kikapu tena. Ni wa kwao nani kunafaa kuonekana sebuleni.

Tuseme ukweli: vitu hivyo viwili ni ndugu. Picha ile ni sanaa dhahania, haichori mtu wala mti, inapanga maumbo tu. Kazimir Malevich alionyesha mraba mweusi mtupu mwaka 1915, na Piet Mondrian wa Uholanzi akajulikana kwa mistari myeusi na miraba ya nyekundu, bluu na njano.

Sasa shika kikapu. Msusi hana rula, anahesabu. Kila mzunguko anaongeza au kupunguza nyasi nyeusi, pembetatu inatokea yenyewe. Akikosea hesabu chini, kosa linapanda naye hadi juu. Jirani zetu Rwanda wana imigongo, maumbo kama hayo yanayotengenezwa kwa kinyesi cha ng'ombe na kupakwa rangi. Ukanda huu haukumsubiri Mondrian!

Mkiamua kununua picha ya kuchapwa, nunueni kwa akili. Nakala ya sanaa huwa na sahihi ya msanii na namba: 12/50 ni nakala ya 12 kati ya 50. Isiyo na vyote viwili mara nyingi ni bango tu, basi lipeni bei ya bango. Huku milimani mvua ni ya miezi mingi, na unyevu huotesha ukungu kwenye karatasi. Acheni nafasi kati ya karatasi na kioo, na epukeni ukuta unaovuja. Jua kali nalo hufifisha rangi, za picha na za kikapu pia.

Kisha tundikeni vyote pamoja. Chagueni picha yenye rangi mojawapo ya kikapu, uone sebule itakavyotulia.

Na jambo moja la mwisho. Dukani mnalipia picha bila kubisha, halafu gulioni mnamkaba mama wa watu kwa siku zake zote za kuhesabu nyasi. Hiyo siyo haki. Bwana, leo jioni muulize mkeo: kikapu kile alikisuka nani?