Sheria Hupitishwa Bungeni, Lakini Anayeilipia Ni Mwenye Duka

Ndugu zetu wenye maduka, kina mama wa vibanda, vijana wa mitumba na wa tuktuk, hili ni lenu.

Sheria mpya ya fedha ikipita, wengi wetu tunaijulia mahali pawili. Kwanza ni kwa muuzaji wa jumla. Unakuta mafuta ya kupikia yamepanda, ukiuliza unajibiwa, "Ni serikali hiyo." Pili ni kwa simu, ujumbe wa KRA unapoingia kukukumbusha tarehe ya kulipa. Kufikia hapo maneno yameisha. Unalipa, unalalamika, unafungua duka kesho.

Sisi tunasema hivi: mfanyabiashara mdogo anaumizwa na sheria kuliko mkubwa, na sababu si kwamba anatozwa asilimia kubwa zaidi. Ni kwamba mkubwa ana mhasibu na wakili wanaosoma mswada kabla haujapita, na mdogo anausoma ukishakuwa sheria. Hiyo tofauti ndiyo tunataka kuiondoa.

Tuchukue mfano ambao wengi mnaujua, kodi ya mauzo, ile wafanyabiashara wanaiita TOT. Mwaka 2020 ilishushwa hadi 1%. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaipandisha hadi 3% kuanzia Julai 1, 2023, kwa biashara yenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Ukisikia asilimia tatu unaona ni kidogo. Lakini angalia inahesabiwa juu ya nini. Haihesabiwi juu ya faida. Inahesabiwa juu ya kila shilingi iliyoingia kwenye droo, hata ile ambayo kesho asubuhi inarudi kwa muuzaji wa jumla kununua stoki.

Tufanye hesabu ya mfano. Duka la mtaani linauza shilingi 8,000 kwa siku. Kwa siku 30 ni 240,000. Unga, sukari na mafuta havina faida kubwa, kwa hivyo tuseme ukitoa bei ya kununulia anabaki na 10%, yaani 24,000. Kodi ya chumba ni 9,000. Stima na kubeba mizigo ni 4,000. Anabaki na 11,000 za kulisha nyumba na kusomesha watoto.

Sasa piga 3% ya 240,000. Ni shilingi 7,200. Kati ya zile 11,000, anabaki na 3,800 peke yake. Ile inayoitwa asilimia tatu imemla karibu thuluthi mbili ya riziki yake. Ilipokuwa 1% angelipa 2,400. Na mwezi ambao biashara imelala akapata hasara, TOT bado iko, mradi ameuza.

Sheria hiyohiyo ya 2023 ilipandisha VAT ya mafuta ya gari kutoka 8% hadi 16%. Mwenye duka halipi hiyo moja kwa moja, lakini lori lililoleta unga linailipa, tuktuk iliyobeba magunia kutoka sokoni Kongowea inailipa, na mwisho wa safari yote inakaa kwenye bei ya kilo moja. Kama ameandika kijana wa kumsaidia dukani, kuna pia ada ya nyumba: 1.5% kwenye mshahara wa mfanyakazi na 1.5% nyingine kutoka kwa mwajiri.

Hatusemi watu wasilipe kodi. Zahanati, barabara na walimu vinahitaji pesa, na asiyelipa anamtwika jirani yake mzigo. Tunachosema ni kwamba mwenye kulipa ana haki ya kuelewa analipa nini, na kusikizwa kabla hajaambiwa alipe.

Na kuelewa kunasaidia. Wangapi wanajua kwamba TOT si lazima? Sheria inamruhusu mfanyabiashara kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hataki kuwa kwenye TOT, anataka kutozwa kodi ya mapato ya kawaida, inayohesabiwa juu ya faida. Rudi kwa yule mwenye duka wetu. Faida yake ni 11,000 kwa mwezi. Kiwango cha kwanza cha kodi ya mapato kwa mtu binafsi ni 10% hadi shilingi 24,000 kwa mwezi, na kila mkaazi ana msamaha wa shilingi 2,400 kwa mwezi. Kama hana mapato mengine, kodi yake ya mapato ni sufuri. Ni duka lile lile na mauzo yale yale, lakini kwa njia moja analipa 7,200 na kwa nyingine halipi kitu.

Lakini kuna mtego. Kodi ya faida inataka uonyeshe gharama zako kwa rekodi, na tangu Januari 1, 2024 gharama isiyo na risiti ya eTIMS haikubaliwi, isipokuwa chache zilizosamehewa. Kwa hivyo ukinunua stoki kwa muuzaji anayekuandikia kwenye kikaratasi, mbele ya KRA ni kama hukununua. Daftari la mkopo na kumbukumbu za kichwani hazikusaidii tena. Dai risiti ya eTIMS kila unaponunua, na wewe mwenyewe unaweza kutoa risiti hata kwa simu ya kawaida kupitia *222#. Halafu kabla hujaandika barua ya kutoka TOT, keti na mtu anayejua hesabu aangalie biashara yako, kwa maana faida yako na gharama zako si sawa na za jirani.

Tuje sasa kwa hoja ya kusikizwa. Wengine watatuambia, "Hao wabunge hawasikizi mtu, kwenda ni kupoteza siku." Tunaelewa kwa nini watu wamechoka. Lakini tazameni huo mswada wa 2023 ulivyoingia na ulivyotoka. Ulipoingia, ulitaka TOT ianze kwa mtu anayeuza shilingi 500,000 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365 ni kama shilingi 1,370 kwa siku. Hayo ni mauzo ya mama wa mahamri na chai! Ulipotoka, mwanzo ukawa milioni 1, yaani kama shilingi 2,740 kwa siku. Ada ya nyumba iliingia ikiwa 3% na ikatoka 1.5%. Katikati yake kulikuwa na vikao vya kamati, maoni ya maandishi, na kelele za wananchi. Hatukupata yote, kwa sababu ile 3% ya TOT ilibaki. Lakini kuna watu leo wanauza chai bila kudaiwa TOT kwa sababu nambari moja ilibadilishwa kabla ya kura.

Linganisha na njia ya kungoja sheria ipite ndipo tuhangaike. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipelekwa mahakamani mara tu baada ya kutiwa sahihi. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema sheria yote ni kinyume cha Katiba. Oktoba 29, 2024 Mahakama ya Juu ikageuza uamuzi huo, na sheria ikabaki. Miezi kumi na sita ya kesi. Na mwaka 2024 tuliona njia nyingine, ya barabarani. Mswada wa Fedha uliondolewa Juni 26, lakini kwa damu ya vijana wetu, na Desemba mwaka huohuo baadhi ya mapendekezo yake yakarudi kupitia sheria nyingine. Mahakama ni haki yetu na maandamano ya amani ni haki yetu. Lakini zote mbili ni ghali, na hazifai kuwa mlango wa kwanza.

Mlango wa kwanza uko kwenye Katiba. Ibara ya 118 inalilazimu Bunge kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Ibara ya 201 inataka uwazi na ushiriki wa umma katika mambo ya fedha. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni. Na ibara ya 210 inasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa bila sheria. Hii ya mwisho muikumbuke siku askari wa kaunti akisimama mbele ya kibanda kuitisha pesa. Muulize kwa adabu: ada hii iko kwenye sheria gani, na risiti iko wapi?

Hapo ndipo tunafika nyumbani. Tunapiga kelele sana kuhusu Nairobi na kusahau kwamba kaunti nayo ina Sheria yake ya Fedha kila mwaka. Hiyo ndiyo inaweka bei ya leseni ya biashara, ada ya soko, ada ya kupakia na kushusha mizigo, hata ada ya kuandika jina juu ya mlango wa duka. Bunge la kaunti linatakiwa kuipitisha ndani ya siku 90 baada ya kupitisha bajeti, na ibara ya 196 inalilazimu kuwashirikisha wananchi. Mara nyingi tangazo linabandikwa kwenye ofisi ambayo hakuna mwenye kibanda anayepita, kikao kinawekwa saa nne asubuhi siku ya kazi, na waliohudhuria ni haohao wa kila mwaka. Halafu inasemwa wananchi walishirikishwa.

Kwa hivyo tunaomba mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, jueni msimu. Mswada wa Fedha wa kitaifa unafika bungeni mwisho wa Aprili na kwa kawaida unapigiwa kura mwezi Juni. Wa kaunti unafuata, kati ya Julai na Septemba. Kila soko lichague watu wawili wa kufuatilia matangazo na kuyasambaza, kwenye makundi ya simu, msikitini, kanisani na kwenye chama.

Pili, msiende kikaoni kulalamika kwa jumla. Taja kifungu, onyesha hesabu ya duka lako kama tulivyofanya hapa juu, kisha sema unataka kibadilishwe vipi. Neno "tunaumia" ni rahisi kulipuuza. Hesabu yenye mauzo, gharama na kinachobaki ni ngumu kuijibu.

Tatu, pelekeni kwa maandishi na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Kikao kinaweza kusahaulika. Karatasi yenye muhuri hata mahakama itaiangalia.

Nne, muulizeni MCA wenu na mbunge wenu mapema, kabla ya kura: kifungu hiki utakiunga mkono au utakipinga? Andikeni jibu lake, na likae mpaka siku ya uchaguzi.

Mwenye kampuni kubwa hangoji ujumbe wa KRA kujua sheria mpya inasema nini. Na sisi wa vibanda tusingoje.